Kitanda cha Marehemu Costache

Jumatatu, 4 Novemba

Jamani! Mkutano wa wakazi wa jengo letu umekubali Tiberiu apewe chumba cha kuanikia nguo, hapa chini, mkabala na mlango wangu. Tiberiu yule yule anayelala nyuma ya maduka na kugombana na sauti za kichwani mwake mpaka mbwa wanamkwepa! Hata Bwana Iordache wa ghorofa ya pili kanyoosha mkono. Yeye aliyekuwa akimmwagia maji kutoka dirishani! Ila kaweka sharti: ikifika Jumapili Tiberiu hajalala humo, chumba ni cha baiskeli zake yeye Iordache.

Muuguzi Smaranda, anayemchoma Tiberiu sindano ya kutuliza sauti kila mwezi, alilia mbele ya watu. Baridi ya mwaka jana ilimla Tiberiu vidole vya mguu. Ya mwaka huu itammaliza.

Jumatano, 6 Novemba

Chumba kimependeza! Nimetoa kitanda cha Costache, marehemu mume wangu, na koti lake. Nimefuata desturi yetu ya kutoa vitu kwa roho za marehemu — mshumaa, mkate, nikasema: hiki ni kwa roho ya Costache, kimfikie huko aliko. Tiberiu akaitikia vizuri kabisa, "Mungu amsamehe." Wenzangu nao hivyo hivyo. Iordache kaleta blanketi la marehemu mama yake. Zamfira, mkewe, mto wa kulalia wa kaka yake aliyezama mtoni. Mishumaa imewaka, moshi mpaka ngazini. Nimelia kidogo. Raha tupu.

Alhamisi, 7 Novemba

Hakulala ndani! Nimemkuta asubuhi kwenye ngazi za nje, ndevu zimeganda.

"Mbona huku nje, mwanangu?"

"Kumejaa, mama. Mzee Costache kalala. Mwenye mto naye kaja, kalowa."

Nikajipiga ishara ya msalaba. Iordache akapita: "Si niliwaambia? Kichaa mpe ikulu, atalala jalalani!" Kisha akaanza kupima ukuta kwa ajili ya baiskeli zake. Kupima! Mbele ya mwenyewe!

Ijumaa, 8 Novemba

Smaranda kaja. Nikamwambia sauti zimezidi, amwongezee dawa. Yeye akataka kujua tulisema nini tulipotoa vile vitu. Nikamweleza, mshumaa na yote.

"Sasa mama, kile kitanda ni cha nani?"

Cha Costache, nikasema. Hapo hapo nikakaa.

Mama wa Mungu! Si sauti zake zilizomwambia. Ni sisi! Tumetamka wenyewe, mishumaa ikiwaka, kwamba kila kitu mle kina mwenyewe, na mwenyewe ni marehemu. Naye katuamini. Mimi pia naamini! Ningelala mle mimi? Thubutu!

Jumamosi, 9 Novemba

Tumevitoa vyote. Chumba kitupu, sakafu ya saruji. Nimempelekea mto wangu mwenyewe, wa kichwa changu. Kaunusa.

"Wa nani?"

Wangu, mwanangu.

"Na wewe hujafa?"

Bado.

Akacheka, akaukumbatia — akarudi nao ngazini. Upepo wa mtoni unakata kama wembe. Kesho Jumapili. Nina hofu, hofu kweli.

Jumapili, 10 Novemba

Naandika jikoni, mlango wazi, naona kila kitu. Iordache anashuka, kabeba kitu kikubwa kichwani. Nikadhani ni baiskeli zake. Siyo! Godoro! La kitanda chao! Zamfira nyuma yake anapiga kelele.

"Umerukwa na akili, mzee? Sisi tutalalia nini?"

"Nyamaza, mke wangu. Kakohoa usiku kucha chini ya dirisha langu."

Kalitupa chini chumbani, jasho linamtoka. Tiberiu mlangoni, haingii.

"La nani?"

"Langu! Mimi Iordache! Nipo hapa, hunioni?"

Tiberiu kamtazama sana.

"Hata mzee Costache kaniambia hivyo hivyo. Lala kwanza. Nione kama unapumua."

Nimeshika mdomo. Nikangoja matusi. Iordache — Iordache! — kavua viatu. Kalala chali, mzee mzima, soksi zimetoboka.

Tiberiu kapiga magoti kizingitini, mto wangu kifuani, macho kwenye tumbo la Iordache. Linapanda. Linashuka. Goti moja limeshaingia ndani.

Pumua, Iordache! Pumua, jamani, usikohoe ukamshtua —