Ungamo Nililompelekea Mama Mutua

Makongeni, Jumapili, Julai 1978

Baridi imeuma tangu asubuhi na jua halijatoka hata mara moja. Bwana yangu yuko kazini reli, watoto wako kwa jirani. Nimebaki mezani peke yangu na sina raha. Wacha niandike tu, maana sina tena pa kusemea.

Mama Mutua hanisalimii. Leo siku ya kumi na moja.

Yeye ni wa Machakos, mimi wa Murang'a, na milango yetu imetazamana miaka tisa. Tumeombana chumvi, tumeleleana watoto, na zamu yetu ya kusugua sakafu ya kanisa tunaifanya pamoja. Mwaka jana alifiwa na mtoto wa wiki tatu. Mimi ndiye niliyempikia uji asubuhi na jioni mwezi mzima, nikamfulia, nikakaa naye kitandani bila kusema neno. Kanisani walinisifu. Mchungaji alinitaja hata mimbarini.

Lakini moyoni mlikuwa na uchafu. Kabla ya msiba, akina mama wa kanisa walikuwa wamemchagua yeye awe kiongozi wao, nami nilikuwa nimekwisha kujiona kwenye kiti kile. Basi habari za mtoto ziliponifikia, kabla hata sijalia, kitu ndani yangu kilisema: sasa atashuka kidogo. Nilifurahi. Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini nilifurahi.

Aibu imenishika hata hapa kwenye karatasi.

Sisi tuliookoka tumefundishwa kuweka kila jambo nuruni. Ukiwa na neno juu ya mwenzako unamwendea, unamwambia, mnaomba, mnakumbatiana, na Jumapili unasimama kwenye ushirika kutoa ushuhuda. Nimewaona wengi wakifanya hivyo na nyuso zao zikachangamka. Nami nilichoka kubeba. Jumatano ile nikavuka kwake, nikamkuta akichambua maharagwe, nikamwambia yote bila kuficha. Alisema amesikia. Kisha akaendelea na maharagwe yake.

Nilirudi kwangu mwepesi, ninaimba. Nikapika chapati katikati ya wiki, hebu fikiria.

Kumbe kabla ya hapo mwenzangu hakuwa akijua lolote! Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Alipoanza kunipita bombani kama hanioni, nilimkasirikia, tena sana. Nilimlalamikia bwana yangu kwamba huyu mama ameokoka namna gani ikiwa hawezi kusamehe. Bwana yangu hajaokoka na si mtu wa maneno mengi. Aliniuliza kama mimi ningependa kuambiwa vile. Nikamjibu kwamba mambo ya rohoni hayajui, akaendelea kula.

Jana ilikuwa zamu yetu kanisani. Nilidhani hatakuja, akaja. Yeye alianzia upande wa mlango, mimi upande wa mimbari, kila mtu na ndoo yake. Tulipokutana katikati aliacha kusugua, akakaa chini, akasema bila kupandisha sauti:

"Mama Njeri, mwaka jana nilikuwa nataka kufa. Uji wako ndio ulioniinua. Nilikuwa najiambia, Mungu hajaniacha, kuna mtu ananipenda. Sasa nikiukumbuka naona uso wako ukifurahi. Umeninyang'anya hata uji."

Nilitaka kumwambia kwamba uji ule ulikuwa wa upendo pia, na ni kweli. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nikikoroga huku machozi yananitoka, nikimlilia mtoto wake kama wangu. Lakini nikaona hapo nitakuwa najitetea tena, na yeye ndiye atakayebaki kunifariji. Nikarudi kusugua. Tulimaliza sakafu, akaenda zake.

Leo kwenye ushirika mzee anayetuongoza, ambaye mimi mwenyewe nilimweleza Jumatano ile kwamba nimepatana na jirani yangu, aliniita nishuhudie. Mama Mutua alikuwa benchi la tatu, anatazama mikono yake. Nilisimama. Najijua, wiki moja iliyopita ningeisimulia habari hii vizuri mpaka watu walie. Nikasema sina ushuhuda, nikaketi. Wengine walikohoa. Mzee akamwita mtu mwingine.

Tangu nitoke huko najiuliza: nilimwendea kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya usingizi wangu? Naogopa ni usingizi wangu. Dhambi yangu ningeweza kumwambia Mungu peke yake, nikaendelea kumtumikia mwenzangu, nikabeba uzito wangu mwenyewe mpaka kaburini. Badala yake nilimtwika mama aliyezika mtoto, na jambo hilo nikaliita kutembea nuruni.

Kesho asubuhi tutakutana bombani. Nitamsalimia, na sitamwomba kitu. Akinyamaza, nitamsalimia Jumanne. Na siku atakayoitika, sitasimama mahali popote kuisimulia.