Koti la Baba Kendi

Karimi dada yangu, hamjambo huko Kibirichia? Nimefika kwa Kendi salama, na Embu kuna jua mpaka sweta nimeitia kwa mfuko.

Jana chuo chao kilionyesha nguo walizoshona wanafunzi. Mwalimu akasema watoto hawa hawanunui kitambaa kipya, wanashona kwa zile nguo watu wametupa, ili takataka zipungue duniani. Nikapiga makofi kuliko wote. Halafu Kendi wangu akatokea amevaa koti la marehemu baba yake.

Lile la kijivu, Karimi. Ndugu za Baba Kendi walipogawana nguo zake baada ya mazishi, ni wewe ulisimama mlangoni ukasema hilo libaki kwangu. Kendi aliponiomba, nilifikiri anataka la kumkumbuka baba. Kumbe amelikata mikono, akalishona na uzi mwekundu unaoonekana kama kidonda. Ati nguo inafaa iongee.

Nikamwuliza, "Kendi, nani alikuambia nimelitupa?"

"Lakini mami, si lilikuwa linakaa tu nyuma ya mlango?"

"Lilikuwa linakaa na mimi."

Akalia, nikampanguza. Akanivalisha tupigwe picha, watu wakasema limenitoa vizuri. Nikainamisha pua kwa kola nimtafute Baba Kendi. Limefuliwa, dada. Linanukia sabuni tu.

Akija nyumbani usimgombeze, bado ni mtoto wetu. Mungu akuchunge, na ujifunike vizuri hiyo baridi.

Ni mimi dada yako,
Mama Kendi