Kahawa Iliyonuna

London,
Jumapili, katikati ya Machi. Manyunyu tangu Alhamisi.

Mama Mwende, mke wangu,

Kabla ya salamu, kama umekaa naomba usimame, na umwombe Mwaitu naye asimame, goti likimruhusu. Kwa heshima na taadhima, mbele yako, mbele ya mama yangu mzazi na kuku wote waliomo uani, natangaza rasmi kwamba mimi mumeo nimekabidhiwa mtoto wa meza. Droo. Iko na ufunguo wake, na huo ufunguo uko mfukoni mwangu hivi ninavyoandika. Mnaweza kuketi.

Sasa salamu. Hamjambo hapo Kangundo? Hilo goti la Mwaitu linasemaje na baridi ya asubuhi? Mwende bado anakohoa, au alikohoa siku za mtihani tu? Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo tangu Novemba siyasikii kama ni yangu. Chakula kipo. Ninachokosa ni muthokoi wako wa mahindi na maharagwe, na mtu wa kugombana naye juu ya chumvi.

Droo hii haikuja hivi hivi. Nitakueleza, na wewe umo ndani ya habari hii kuliko unavyojua.

Kwanza niungame. Nilipofika huku nilikuandikia kwamba mimi ni afisa wa mawasiliano katika kampuni ya kahawa. Ni kweli kabisa. Mawasiliano yenyewe ni kuchomoa karatasi za faksi, kuandika takwimu zake kwenye kompyuta, na kuwapikia chai watu wa ghorofa ya sita. Mkataba ulikuwa wa miezi sita, wa kuisha siku ya mwisho ya Januari, na kibali cha kuishi hapa kimefungwa kwenye mkataba huo kama ndama kwa kamba ya mama yake. Mkataba ukikatika, wote wawili tunarudi Machakos, mimi na aibu.

Biashara ya hapa si ile niliyoizoea kwenye mizani ya kiwanda chetu, ambapo mtu anakuja na debe lake na unamwona uso. Hapa wananunua kahawa ambayo bado ni maua. Mtu ananunua leo kahawa ya Septemba, akishakunywa chai anaiuza, na mti wenyewe hajawahi kuuona hata kwa picha. Ili wasinunue gizani wameunda kitu kinaitwa Modeli. Ni hesabu ndani ya kompyuta. Inalishwa mvua, joto, picha zilizopigwa kutoka angani, na kilo zinazopelekwa viwandani kila wiki. Halafu inafanya kama yule mganga wa kule kwa mjomba, anayemwaga mbegu kutoka kwenye kibuyu na kusoma zilivyoanguka. Tofauti ni kwamba Modeli inamwaga mara elfu kumi kabla chai yako haijapoa, halafu inakwambia mara ngapi zilianguka vibaya. Sehemu hii usimsomee mchungaji.

Aliyeiunda ni kijana anaitwa Piers. Ni daktari, si wa sindano, wa hesabu. Anakula karoti mbichi siku nzima na anaandika hesabu zake kwenye vioo vya dirisha kwa kalamu nene. Mwanzoni nilidhani ni dharau kwa mwenye nyumba. Baadaye nikaanza kuokota karatasi anazotupa, nikawa nazisoma saa za chakula, na nikajinunulia kitabu cha hesabu za uwezekano kwenye duka la mitumba. Sura ya kwanza ilikuwa imechanika, kwa hiyo hilo somo niliingia kama mtu aliyekuta ibada imeshaanza: nasimama wakisimama, nakaa wakikaa. Lakini kufikia Novemba nilikuwa naimba nao.

Basi mwezi huo faksi za kilo za Kangundo zikaanza kupungua. Wiki ya kwanza nusu. Ya pili robo. Ya tatu nikaandika sifuri kwa vidole vyangu mwenyewe. Modeli ikapaka milima yetu rangi nyekundu kwenye ramani, kisha ikafikiri kwa akili zake kwamba kama Kangundo imekauka basi na majirani wanakauka, na nyekundu ikatambaa kama moto wa nyasi.

Siku hizo hizo ndipo barua yako ilifika. Unaikumbuka? Uliandika kurasa nne za hasira. Kwamba chama cha ushirika kimefanya uchaguzi, mwenyekiti wa zamani amekataa kutoka na mpya amekataa kungoja, kila mmoja ametia kufuli yake kwenye lango la kiwanda, kufuli mbili, na kila mtu na ufunguo wa moja. Kwamba wanawake mmeapa kilo hata moja haitakwenda hapo mpaka waume zenu waache utoto. Kwamba mnaanika kahawa na maganda yake juu ya mabati iwe buni, na mabati yakijaa mnaanika kwenye magunia, na iliyokauka mnaificha ndani. Ukaandika, nanukuu, "upande wako wa kitanda wamelala magunia mawili na nusu, na hawakoromi."

Nilicheka peke yangu kwenye ngazi hadi mtu akaniuliza kama niko sawa.

Asubuhi moja mapema Desemba niliingia na sinia ya chai nikawakuta Piers na mkubwa wetu, Bi Harriet, wamesimama mbele ya ile ramani nyekundu. Bi Harriet ni mama mfupi, hapigi kelele, na ukimwona anavua miwani ujue kuna mtu ataumia.

"Kahawa ya Kenya imekufa," Piers alikuwa anasema.

"Imekufa kabisa?"

"Kwa uhakika wa tisini na tano kwa mia. Tununue sasa kabla wengine hawajajua na bei kupanda zaidi. Bei yoyote watakayotaja, tuitoe."

Ujue kampuni yetu si kubwa, lakini ikikimbia sokoni wengine hukimbia nyuma yake bila kuuliza kinachofukuza.

Mke wangu, mimi si mtu wa kuingilia maneno ya wakubwa. Lakini ile sinia ilikuwa nzito na nilikuwa nimebakiza wiki nane za mkataba. Nikasema, "Samahani. Haijafa. Imenuna."

Bi Harriet akavua miwani. "Imefanya nini?"

"Imenuna, Bi Harriet. Iko nyumbani. Iko juu ya mabati." Nikawaeleza uchaguzi, wenyeviti wawili, kufuli mbili. Piers alikuwa anatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mtoto anayesimulia ndoto.

"Umejuaje?"

"Mke wangu ameniandikia."

"Na sampuli yake ni kubwa kiasi gani?"

"Kitanda kimoja, daktari. Upande mmoja."

Walicheka sana. Hata mimi nilicheka. Lakini Bi Harriet alikuwa wa kwanza kunyamaza. Akaniuliza, "Itatoka lini?"

Hapo ndipo nilipoacha kuwa mpika chai. Nikamwambia itatoka wiki moja kabla ya shule kufunguliwa Januari, si kabla ya hapo. Kwa nini? Kwa sababu advansi ya karo inatolewa na chama, na chama hakimpi mtu asiyepeleka kilo. Mzazi anaweza kununa na mwenyekiti mwaka mzima. Hawezi kununa na mwalimu mkuu aliyesimama getini. Zile kufuli zitafunguliwa, na magunia yatashuka yote siku moja kama watu wanaotoka kanisani njaa ikiwauma.

"Modeli haina kalenda ya shule," Piers akasema polepole, kama mtu anayekumbuka ameacha jiko likiwaka.

"Na haijui kununa," nikamwambia. "Inajua mvua tu."

Bi Harriet akavaa miwani. "Hatununui mpaka wiki ya pili ya Januari. Na kama umekosea, Kioko?"

"Mkataba wangu unaisha mwezi huo huo, Bi Harriet. Hutahitaji hata kunifukuza."

Habari za mjini haziendi kwa faksi. Jioni nikishuka, Onyango alikuwa ananingoja. Huyu ni mlinzi wa mlango wa chini, mtu wa Siaya, na ndiye mtu pekee ninayesema naye Kiswahili hapa.

"Wee Mkamba, nasikia umewaambia wazungu kahawa imenuna?"

"Nimewaambia."

"Asi! Na sisi kule ziwani samaki wakikosekana, wamekasirika?"

"Samaki hawana mwenyekiti, Onyango."

"Sawa. Wakikufukuza uniachie hiyo koti. Hapo mabega inanitosha."

Desemba hiyo ilikuwa ndefu kuliko Desemba zote. Nyinyi mlikula Krismasi. Mimi nilikula kucha. Kila asubuhi faksi ilitoa karatasi, kila asubuhi Kangundo ilikuwa sifuri, na nilikuwa naiandika hiyo sifuri kama mtu anayejichimbia. Usiku nilijiuliza: na kama mmepatana mapema mkauza kwa magendo? Na kama mmekazana zaidi ya nilivyowahesabia? Nawajua watu wetu, wanaweza kulala na buni kitandani mpaka Pasaka kwa sababu ya neno moja. Nikaomba Mungu awafanye wakaidi, lakini kwa kiasi. Sidhani kama amewahi kupokea ombi kama hilo kutoka kwa mtu wa ukoo wetu.

Ikafika ile wiki. Jumatatu, sifuri. Jumanne, sifuri. Piers akapita mezani kwangu, akanigawia karoti. Nikaelewa kuwa hizo ni rambirambi.

Jumatano faksi ilianza kulia saa tatu na haikunyamaza. Karatasi ikatoka, ikaendelea kutoka, ikajikunja sakafuni kama gamba la nyoka. Kangundo, kilo. Kangundo, kilo. Kiwanda chetu kilikuwa na mstari wake peke yake, na tarakimu zake zilijaa mpaka zikagusa safu ya jirani. Nilisoma mara tatu. Halafu niliketi sakafuni palepale, na suruali yangu nzuri.

Piers alichukua kitambaa akafuta hesabu zote zilizokuwa kwenye dirisha, tukaanza kuona mtaa. Akaniletea kiti. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake! Akafungua ile kalamu nene.

"Kioko, kuna nini kingine ambacho Modeli haikijui?"

"Una muda gani, daktari?"

Tulikaa mpaka jua likazama, ingawa huku jua huzama saa kumi. Nilimpa matanga, maana mtu mkubwa akifa hakuna anayechuma. Nilimpa harusi za Desemba, mikutano ya injili, mbio za kuchagua mbunge, na siku lori la chama linapoharibika na dereva yuko kwao Kithimani. Alijaza vioo vitatu. Sasa Modeli iko na safu mpya, na kwa kuwa kila hesabu lazima iwe na jina, hiyo inaitwa Mama Mwende. Sikutanii. Mwezi jana walikuja wakubwa wa kampuni, wanaume sita wenye tai, na Piers akasimama mbele yao akasema, "Tangu tumwongeze Mama Mwende, makosa yamepungua sana." Wote wakaandika. Mmoja akauliza huyo Mama Mwende ni nadharia ya nani. Nikasema ni yangu, kwa ndoa.

Mkataba ni mpya, wa miaka miwili. Kibali kimefuata nyuma yake. Nina meza, nina droo, na ndani ya droo kuna barua yako na nusu pakiti ya biskuti. Chai siku hizi tunapika kwa zamu, na ya Piers haifai hata kunawia.

Na Onyango? Alinisimamisha mlangoni, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Umewaroga. Sema ukweli, umetumia nini?"

"Barua ya mke wangu."

"Haya basi," akasema, "hiyo dawa ni kali. Mimi wangu akiandika ni mimi naugua."

Nisalimie Mwaitu, mwambie mwanawe anaketi kwenye kiti kinachozunguka. Msalimie Mwende, na umwambie hesabu za asilimia alizozikimbia zimemtafuta baba yake mpaka Ulaya. Shemeji yangu Nzioka, wa upande wa mwenyekiti wa zamani, msalimie pia. Mwambie kufuli yao ilikuwa na kazi kubwa kuliko walivyokusudia. Jirani yetu Mama Kaleve mshukuru kwa kukuazima yale mabati ya kuanikia. Mchungaji mpe salamu za kawaida.

Ni mimi wako wa siku zote, mwenye nafasi yake kitandani kama magunia yameshatoka,

Kioko, Baba Mwende

Bahasha bado iko wazi, kwa hiyo naongeza jambo moja ambalo chama kitawasomea siku ya malipo bila kujua limetoka wapi. Kahawa ya Kangundo ilipigwa mnada Jumanne iliyopita na tulioinunua ni sisi. Kwa kuwa hatukuwa na haraka, wala mwingine hakuwa nayo, tumeipata, na yako ikiwemo, kwa bei ya chini kuliko ile tuliyokuwa tayari kuitoa Desemba kabla sijafungua mdomo.