Barua ya Fizikia Niliyoificha

Jumapili, Kinole. Saa nne hii ukungu bado umeukalia mlima, na mdalasini niliouanika jana nimeurudisha ndani.

Nimemkosea mpwa wangu. Naanza na hilo kabla sijapata njia ya kulizungusha.

Mnaokuja kwenye blogu hii kusoma habari za pilipili manga mnisamehe. Leo sina shamba la kuandika.

Mpwa wangu nitamwita Mwanaidi. Jina lake nimelibadilisha, la kwangu mnalijua. Ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha tano kwenye shule ya bweni ya wasichana huko mjini Morogoro. Anasoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Alipokuja likizo fupi aliandika barua ya kuomba aache fizikia, achukue jiografia, ahamie CBG. Shule ilitaka barua isainiwe na mzazi au mlezi, na huyo aliyesaini aipeleke kwa mkono wake.

Baba yake yupo. Ni Msukuma, anafanya kazi kiwanda cha sukari, mtu mpole sana. Lakini ameoa kwetu, na kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, mwenye neno ni mjomba. Akamwambia, "Mpelekee mjomba wako. Mimi nikisaini kabla yake, mwaka mzima nitakuwa naulizwa."

Ndo barua ikaja kwangu.

Sikuisaini. Hata kuisoma sikuisoma. Niliona pale juu imeandikwa "kuacha fizikia", nikaikunja, nikaitia mfukoni kwenye koti langu la msibani, lile ninalolivaa mara chache. Baada ya siku chache, Mwanaidi akiwa amesharudi shule, nikapiga simu kwa matroni, akamwita. Nikamwambia nimefika hapo shuleni, nimeongea nao, nafasi za CBG zimejaa.

Sikuwa nimefika popote. Nilikuwa nimekaa hapa hapa nyumbani, juu ya gunia la mdalasini.

Sababu naijua, na hainipi sifa. Tangu mtoto huyu apate A ya baiolojia kidato cha nne, mimi namwita Dokta. Nimemwita hivyo harusini, nimemwita hivyo msibani. Ikafika mahali watu wanamfuata na magoti yao. Kuna bibi jirani yetu alimwekea kabisa mguu mapajani, amwangalie dole gumba. Mwanaidi akawa anacheka, "Bibi, mie bado." Na mimi pembeni nikamjibia, "Wanaanzaga hivyo hivyo."

Sasa bila fizikia, chuo hawakupi udaktari. Hilo nalijua vizuri. Barua ile niliiona kama inanivua nguo mbele ya ukoo mzima.

Na niseme na hili. Mimi mwenyewe fizikia niliiacha kidato cha tatu. Sikumwandikia mtu barua, sikuomba ruhusa. Nilichoka tu, nikaacha kuingia darasani. Huyu kaomba kwa adabu, nikamfungia mlango.

Jana ilikuwa siku ya kutembelea wanafunzi. Nikashuka mjini na ndizi, karanga na machungwa ya shambani. Tumekaa kwenye nyasi, anamenya chungwa, mara anapita mwalimu wa taaluma, mama mmoja mchangamfu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu."

"We Mwanaidi, mbona mjomba wako hakuniletea ile barua? Nimekushikia nafasi CBG. Ila mwisho Ijumaa hii, baada ya hapo mkuu hapokei tena."

Mwanaidi hakuacha kumenya, wala hakunitazama.

"Mjomba alikuwa anaumwa, mwalimu. Ndo kwanza kapata nafuu."

"Jamani. Pole mzee wangu."

"Nishapoa mwalimu, asante."

Miaka hamsini na mbili ninayo, nikasema nishapoa.

Mwalimu akaenda zake. Nilikuwa nasubiri Mwanaidi alie, au anyanyuke aniache pale. Akanigawia nusu ya chungwa. Nililishika tu, sikuweza kulitia mdomoni.

"Mjomba, si ungeniambia tu kwamba hutaki?"

Nikafanya tunachofanyaga wajomba tukikosa jibu, nikatoa nasaha. Nikamwambia, "Dokta, maisha ni kukaza."

"Nimekaza, Mjomba. Nimekaza fizikia mpaka kemia imelegea. Halafu usiniite Dokta hapa. Wenzangu wananiita Dokta Sifuri."

Ndipo akanieleza mambo ambayo ningeyajua siku ile ile kama ningeuliza. Mwalimu wao wa fizikia alihamishwa wiki ya pili tu baada ya kufungua shule, na mwingine hajaja. Wanafundishana wenyewe, wanaazima daftari za kidato cha sita. Muda wake wote wa kujisomea jioni unaishia kwenye fizikia, na bado haingii. Kemia, aliyokuwa anaongoza darasa, mtihani wa juzi kawa wa kumi na tisa.

"Nikiendelea hivi nitakosa yote matatu," akasema. "Nikikosa yote, hata huo udaktari wako sitaupata."

Udaktari wako. Alisema kwa upole tu, kama anavyosema shamba lako.

Nikamuuliza, sasa huko CBG unaenda kuwa nani? Akasema hajui bado. Labda mambo ya lishe, labda udongo. Anataka kwanza afike chuo, hayo mengine atayajua akiwa hajafeli.

Jioni nikarudi Kinole.

Leo asubuhi nimeitoa ile barua kwenye koti, nikaisoma kwa mara ya kwanza. Ni ukurasa mmoja, mwandiko safi. Kaeleza habari ya mwalimu aliyehama, kaeleza kemia inavyoshuka. Kaandika kwamba anajua akiacha fizikia udaktari basi, na amelifikiria hilo kwa wiki nyingi. Halafu chini, karibu na sahihi yake, kuna sentensi hii: "Nawaomba mjomba wangu akija mumweleweshe taratibu, kwa sababu ataumia, na yeye ndiye aliyenipenda tangu nikiwa mdogo."

Nimeisoma sentensi hiyo tena na tena. Chai ikapoa.

Halafu nikampigia dada, nikamwambia yote, kuanzia koti mpaka uongo wa kwenye simu. Akasema, "Koti la msibani? Mwanangu kafa lini?" Akakata. Shemeji nilipompigia, yeye aliniambia tu, "Haya, umeshasema. Sasa nenda." Mtu mpole yule, na leo nimeona upole wake una uzito.

Sijui kama Mwanaidi anachagua vizuri. Huenda mwalimu mpya akaja mwezi ujao, mtoto akajuta. Huenda siku moja akaniambia, Mjomba, ungenizuia. Nitalipokea. Ila katika watu wote waliohusika na jambo hili, aliyekaa chini akalipima ni yeye peke yake. Baba yake alilisogeza kwangu, mimi nikalikunja. Neno la mjomba ni la kumlinda mtoto wa ukoo, na safari hii hatari yenyewe nilikuwa mimi.

Kwamba uamuzi ni wake, hilo sina wasiwasi nalo tena.

Barua nimeisaini. Mwisho ni Ijumaa, lakini sisubiri Ijumaa, maana mvua ikishika huku barabara ya kushukia inateleza na unaweza kulala njiani. Jumatano saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwa mwalimu wa taaluma. Nitaomba Mwanaidi aitwe kwanza. Nitamuuliza kama bado ndivyo anavyotaka. Akisema ndiyo, nakabidhi. Akisema amebadili mawazo, naichana hapo hapo na sitasema neno.

Kisha nitamwambia mwalimu kwamba sikuugua hata siku moja. Barua niliificha, nikamdanganya mtoto, na yeye akasema uongo ili kunisitiri. Nitayasema hayo Mwanaidi akiwa amesimama pale, anasikia.