Sauti ya Kachero Mbarouk

Jumamosi, 5 Machi 2005

Daktari kasema ni kinyama. Kidogo tu, punje ya mtama, kimeota kwenye nyuzi za sauti. Kitakatwa Jumatano. Nikamuuliza, kwa hii sauti ya kukwaruza niliyonayo tangu Krismasi: sauti yangu itarudi? Akasema sauti itarudi. Hakusema yangu!

Mwatime kanipikia uji wa pilipili manga. Ananiambia, Baba Tasnim, kazi yako ni kuendesha basi la uwanja wa ndege, abiria wanataka kufika, hawataki kuimbiwa. Sawa. Lakini mimi si dereva tu, bwana! Mimi ni Munir wa video ya Majengo. Muulize Mmombasa yeyote wa Houston hii, wa rika letu, atakwambia.

Jumapili, 6 Machi

Haitham, mwenzangu wa Majengo, kaja kutoka dukani kwake, kwapani ana sanduku. Ala! Filamu zote kumi na moja za yule kachero, kwenye DVD, picha safi mpaka unamwona mtu vinyweleo.

Yule Mzungu kwenye filamu anaitwa Adrian Locke. Mombasa hakuna aliyemjua kwa jina hilo. Sisi tulimjua Mbarouk, na jina hilo nilimpa mimi! Banda la video la Mzee Abdulhafidh kule Majengo: mabenchi, tivii moja, na mimi kando yake na maikrofoni, nawatafsiria watu. Kutafsiri gani! Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji. Basi nilitunga. Nikampa Mbarouk shangazi anayekaa mtaa wa Kuze. Nikampa mama anayemsumbua aoe. Akipigiwa simu na wakubwa wake wa ujasusi, kwangu mimi ni mamake huyo, kamtafutia mchumba mwingine. Watu walikuja kwa ugomvi wa mama na mwana, bunduki zilikuwa nyongeza.

Na wimbo! Mikanda yetu ilikuwa nakala ya nakala, muziki wa mwanzo ulikoroma tu. Nikazima sauti, nikapiga meza mdundo wa chakacha, nikaimba wangu:

Mbarouk kaingia, kazi imeanza,
Mwenye siri yake, na aanze kuwaza!

Leo tumetazama ile diski ya nyongeza, wanamosimulia jinsi filamu zilivyotengenezwa. Mtunzi wa muziki, mzee wa mvi, anasema ule wimbo wa mwanzo ulimchukua wiki sita, na okestra nzima. Wiki sita! Mimi wangu niliutunga mkanda ukirudishwa nyuma. Haitham kacheka mpaka kapaliwa na chai. Ule wa Mzungu ni mzuri, sikatai. Lakini mwaka juzi, ilipotoka filamu mpya, tulijaza safu mbili sinema ya kule Katy. Jina lilipotokea tu kwenye skrini, safu zote mbili zikaanza: Mbarouk kaingia! Kijana wa sinema akatujia na tochi. Na jamaa mmoja wa Lamu akaniuliza, kwa uchungu kabisa, kwa nini Wamarekani wameubadilisha wimbo.

Haitham anataka kukodi ukumbi hapa Alief Jumapili ya tarehe 20. Aonyeshe ile ya nne, nayo ndiyo tamu kuliko zote, na mimi nisimulie mwanzo mwisho. Watu wa Dallas nao watakuja. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Mwatime katoka jikoni, kaondoa vikombe, tivii hata hakuitupia jicho.

Jumatano, 9 Machi

Asubuhi. Tunatoka sasa hivi, Mwatime anapasha gari moto. Naogopa. Nimeshaliandika, basi.

Alhamisi, 10 Machi

Nimerudi nyumbani. Kimya. Hata kunong'ona marufuku, ati kunong'ona ni kubaya zaidi. Nikitaka kitu naandika kurasa za nyuma za daftari hili, nachana, natoa. Uji tafadhali. Punguza tivii. Nani kachukua chaja yangu?

Tasnim kafika kutoka shule, kakaa mwisho wa kitanda. It's weird, Baba, this house is so quiet. Miaka kumi na sita analalamika kwamba nazungumza mno! Nikamchania karatasi: Furahi basi. Akaisoma, akanilalia begani. Hakufurahi.

Jumatano, 16 Machi

Daktari kaingiza kamera yake puani, katazama. Bado. Mpaka Alhamisi ya wiki ijayo, na hapo nianze na neno mojamoja. Nikiharakisha patafanya kovu, nitakwaruza maisha yangu yote. Nikamwandikia: Jumapili nina shughuli. Akaniandikia pia, maskini, kasahau kwamba masikio yangu ni mazima: HAPANA.

Haitham yuko radhi kuahirisha. Nimekataa. Ukumbi umeshakodiwa, watu wa Dallas washabadilishana zamu makazini. Waitazame kwa Kiingereza chake, si haramu.

Imeniuma. Imeniuma hasa. Nina miaka arobaini na tisa na kitu kimoja tu nilichopewa na Mungu ambacho jirani yangu hana, na sasa sijui kama bado ninacho.

Jumapili, 20 Machi

Naandika hapa hapa ukumbini, safu ya mbele, daftari pajani. Nisipoandika nitasema, na nikisema nimekwisha.

Watu wamejaa, mashaallah. Viti havikutosha, vijana wamekaa chini. Kila anayeingia anakuja kunishika mkono na kunipa pole kwa sauti kubwa, ati mimi kiziwi. Mama mmoja kutoka Dallas kaniletea asali ya kutoka Yemen, kaniambia mumewe alimposa kwa maneno ya Mbarouk. Najivuna! Nani atanikataza?

Taa zimezimwa. Okestra ya Mzungu imeanza, mara ukumbi mzima umeifunika. Mbarouk kaingia! Wazee, kina mama, hata watoto waliozaliwa hapa hapa Texas, wanapiga makofi kwenye mdundo wangu. Sijui nani kawafundisha hawa. Nimeuma meno nisiimbe. Machozi yananitoka na sijali.

Kisha Adrian Locke akafungua mdomo na Kiingereza chake. Ukumbi ukapoa. Kina mama wakaanza habari zao, watoto wakaanza kukimbizana. Haitham ananitazama, mimi natazama viatu vyangu.

Mwatime kasimama. Nilidhani anaenda jikoni. La! Kachukua maikrofoni.

Mke wangu huyu, ambaye tangu tuoane ananiambia ile ilikuwa kazi ya kupiga mayowe! Simu imelia kwenye picha na yeye kaingia: "Mwanangu Mbarouk, huyu wa leo anajua kupika, huyu humkatai!" Neno kwa neno. Na kaongeza yake, kampa mama kikohozi cha uongo, akataka huruma. Watu hoi! Tasnim kasimama juu ya kiti na simu yake, anampiga mamake picha.

Nyumba ya kina Mwatime Majengo ilipakana ukuta na video yetu. Babake asingemruhusu kuingia, hata siku moja. Kumbe, katuambia sasa hivi, binti alikuwa upande wa pili, sikio ukutani! Kanificha miaka kumi na minane. Filamu zetu zote kazisikia, hakuna hata moja aliyoiona, hata ile ya Katy hakwenda. Leo ndiyo kwanza anamtia Mbarouk machoni. Kasema kwenye maikrofoni: "Yallah, kumbe mfupi hivi!" Haitham kaanguka kitini.

Anasimulia vizuri. Niandike ukweli: vizuri sana. Nilitegemea nitaona wivu. Najiona nimerefuka.

Sasa tumefika pale Mbarouk kafungwa kamba kwenye kiti na adui anamuuliza, nani kakutuma? Mwatime kawageukia watu. Anasema: "Hapa sijui. Hapa kila siku mlipiga kelele, ukuta haukupitisha kitu." Haitham kajibu kutoka nyuma: hata sisi hatujui, sisi ndio tuliokuwa tukipiga hizo kelele!

Wanacheka. Tasnim kabonyeza rimoti, picha imeganda. Wote wamenigeukia.

Ni kweli. Nililisema kila onyesho na kila onyesho nikafunikwa. Hakuna mja aliyewahi kulisikia jibu la Mbarouk. Na ndilo nililolipenda kuliko yote.

Ukumbi umenyamaza. Kwa ajili yangu haujawahi kunyamaza hivi. Mdomo umeshafunguka wenyewe. Haitham anasema, moja tu, yakhe, neno moja halina neno. Mwatime kamtolea macho. Kaja mpaka mbele yangu, mkono mmoja maikrofoni, wa pili kaufungua, anataka karatasi.

Nimefunga mdomo. Haya, Mama Tasnim, jibu lichukue wewe, nusu ya chini ya ukurasa huu nakuchania. Lisome polepole, usilipayuke, muache adui asubiri kidogo. Mbarouk kamtazama, kamba mikononi, akamwambia: