Barnabas Ratego na Jakaranda Zilizochanua Mapema

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu tawi la jakaranda likuondoe kwetu kule mjini Rongo.

Ulipasua mbao miaka thelathini na minane, ukawa unaujua mti kwa sauti yake. Kila ukienda sokoni ulipitia kwanza zile jakaranda tano za zamani kando ya soko, ukagonga kila shina kwa ngumi na kutega sikio, ndipo ukaenda kununua sukari. Ulipita pembeni usiyakanyage maua. Watu walicheka. Hukujali.

Mwaka jana mti wa kwanza ulichanua Julai, wenzake wakiwa bado na majani. Mji mzima ulikuja kupiga picha. Wewe ulirudi nyumbani ukakataa chai. Ulimwambia Mama, "Priscilla, mti ule umeoza ndani. Unatoa maua yote kwa sababu hauna mwaka mwingine."

Uliiomba ofisi ya mji iukate matawi. Ukaambiwa maua ni sifa ya mji, ungoje msimu uishe. Basi ukawa unashinda pale ukiwasihi wauzaji wasogee. Scovia, muuza njugu, ndiye aliyekaa karibu zaidi na shina. Siku ile hapakuwa na upepo hata kidogo. Saa tisa mchana ulisikia mlio ambao wengine hawakuusikia, ukamsukuma Scovia kando. Yeye aliumia kiwiko tu. Wewe tulikutoa chini ya maua.

Scovia huja kwetu kila Jumamosi. Hukaa na Mama jikoni.

Baba, tulitamani kukuacha upumzike. Lakini mwaka huu mti wa pili nao umechanua Julai. Valentine, kifungua mimba wako, aliugonga kama ulivyomfundisha, ukalia kama ngoma. Amepeleka barua mbili kwenye ofisi ya mji, hazijajibiwa. Kivuli ni kizuri na watu wamejaa. Juzi maharusi walisimama chini yake kupigwa picha, naye akawaomba wasogee. Bibi harusi akamjibu kwa upole, "Kidogo tu, kaka. Maua hayatungojei."

Mama amemkataza Valentine kushinda pale. Asubuhi hii ametoka tena.

Unakumbukwa na mkeo Priscilla Awuor. Wanao Valentine, Marion na Omondi. Mkwe wako Stanley, wajukuu, na Scovia, ambaye sasa ni dada yetu.

Hutatutoka moyoni kamwe, Baba. Tunakuomba, mwangalie Valentine.