Karatasi Yenye Sentensi Mbili

Kwako mdogo wangu wa tumbo moja, fundi cherehani,

Salamu zitangulie. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba bega linalokusumbua kwa kuinamia cherehani limepata nafuu. Sisi huku tu wazima, ingawa huku kwenyewe ni nyumba sita tu kutoka kwako. Utauliza kwa nini mtu akuandikie badala ya kuvuka njia. Ni kwamba mdomo wangu umeshindwa, na kazi ninayoiweza ni kuandika.

YAH: KARATASI YA WAKAZI ILIYOKOSA MAJIBU

Madhumuni ya barua hii ni kukueleza karatasi hiyo ilipo, na kuomba uamuzi wako.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Ulipowaita majirani mlangoni pa duka lako na kuwaambia tuache kuchoma taka, nilicheka. Nilimwambia mke wangu kwamba mtaa huu haujawahi kukubaliana hata juu ya nani afagie ngazi. Wewe ukasema kwamba moshi wa uani kwetu haukai uani kwetu; kwamba joto hili tunalolilalamikia, na mvua hizi zinazokuja kwa hasira, kila mmoja anazichangia kidogo kidogo; na kwamba hewa isiyo na mwenyewe ni ya kila mtu. Ndani ya mwezi mmoja kila nyumba ilikuwa na ndoo mbili, ya maganda na ya plastiki, na zamu ya kupeleka maganda shimoni. Hata kinyozi, mtu ambaye huhimizwa kuoga, alishika zamu yake. Plastiki zikarundikana mwisho wa mtaa, ndipo likaja wazo la kuiomba manispaa gari.

Mdogo wangu, nilisubiri uje kwangu. Kwa miaka ishirini na mbili nimekaa na taipureta mlangoni pa ofisi ya manispaa, nikiwaandikia watu maombi. Shule sikuimaliza, unajua. Ufasaha huu niliuokota neno kwa neno kwenye magazeti ya kufungia nyama. Nilikuwa nimekwisha andaa kurasa nne zinazoanza kwa heshima na taadhima. Wewe ukachukua karatasi kubwa ya kukatia mifano ya nguo, ukaandika kwa kalamu nene: “Tumeacha kuchoma taka. Sasa leteni gari.” Ukaitundika mlangoni. Mtaa mzima ukatia sahihi, na wasiojua kuandika wakatia dole gumba.

Nilipopita pale jioni, kinyozi aliniita mbele ya watu. Akasema Bwana Taadhima aje aone barua inayosomeka, maana za kwake mtu huanza kuzisoma ana nywele akamaliza ana upara. Watu wakaangua kicheko. Wewe pia ulicheka, ukaficha mdomo kwa kitambaa ulichokuwa ukishona. Nilitia sahihi yangu ya mbwembwe katikati ya yale madole, nikaenda nyumbani.

Umekuwa ukiwaambia watu kwamba manispaa imetudharau. Jana nimeona moshi tena, nyuma ya nyumba ya kona. Yule mama mwenye nyumba alikuambia kwamba hana mgongo wa kubebea ndoo kwa ajili ya wakubwa wasiojua kujibu barua, na wewe ukamsihi avumilie wiki moja tu. Nilikuwa dirishani, nikasikia yote.

Manispaa haikutudharau. Haijaipokea karatasi yako.

Siku ulipoiacha mapokezi, karani alitoka nayo akaja kwangu, kwa kuwa yeye ananiamini katika mambo ya utaratibu. Akaniuliza kama ombi la namna hii linapokelewa. Nilijua kwamba linapokelewa. Nimewahi kuona ombi lililoandikwa kwenye boksi la sabuni likigongwa muhuri. Lakini nilimwona karani akitabasamu alipoisoma, na hajawahi kutabasamu kwa barua yangu hata moja. Nikamwambia kwamba haina kichwa, haina tarehe, haina anwani, na kwa hiyo si ombi. Akasema basi nikurudishie uirekebishe. Nikaahidi. Leo ni siku ya kumi na nane, nayo iko chini ya taipureta yangu.

Sababu ni moja: nilikuonea wivu. Upo wivu wa kaka kwa mdogo wake, ambao ni aibu. Upo pia wivu wa fundi kwa mtu aliyeijaribu kazi yake mara moja akaipatia, na huo ndio ulioniuma zaidi. Nimejaribu kuupamba kwa maneno mazuri, umekataa kupambika.

Kikao cha kupanga safari za magari ya taka ni Alhamisi. Maombi yanapokelewa mwisho Jumatano, saa sita mchana. Naweza kuipeleka mwenyewe na kukiri kwa karani kwamba nilimdanganya. Huenda nikanyang’anywa nafasi yangu pale mlangoni, nami sikuelezi hayo ili unihurumie. Au waweza kuja kuichukua, uipeleke wewe, na mtaa upate kujua kutoka kwako ilikuwa wapi. Sijaongeza humo neno wala kupunguza.

Nisalimie shemeji na watoto. Wifi yako anawasalimu nyote. Yeye bado hajui.

Naomba uamuzi wako: niipeleke mimi, au utaipeleka wewe?

Ni mimi kaka yako,
mwandishi wa barua